Fremu ya Mwisho Kabla Mpaka Haujafungwa

Asubuhi ya fainali, yule kinyozi kutoka Goma alifanya kosa moja tu: alimweleza mjomba wangu, mpinzani wake, ukweli.

"Mzee, utusaidie tuanze mbele ya madiskuri, tusingojee hotuba," alisema, fimbo yake ya snuka kaishika kwa mikono miwili. "Mama yangu iko analala ku kitanda, hawezi kujigeuza. Jirani anamukalia mpaka barrière ifungwe, kisha anaenda ku kazi. Kama sikuvuka mupaka mbele ya saa tisa, mama atabakia yeye moja mpaka kesho."

"Pole sana, mdogo wangu," mjomba alijibu, kwa Kiswahili chake kilichonyooka alichorudi nacho kutoka Tanzania. "Tutaangalia."

Hakumwambia mtu yeyote aharakishe chochote. Mgeni rasmi alichelewa, kisha akahutubia kwa muda mrefu kuhusu nidhamu.

Yalikuwa mashindano ya wachezaji wa ridhaa, katika ukumbi wa hoteli moja hapa Gisenyi, upande wa Rwanda. Bingwa angepata kombe, na jina lake lingechorwa kwenye ubao wa ukutani. Mjomba, mwenye duka la mabati na misumari, alikuwa ameutamani ubao ule kwa miaka. Kinyozi naye aliutamani. Fimbo ile alinunuliwa na mama yake, enzi mama akitembea, na alitaka ampelekee picha ya jina.

Kinyozi alicheza haraka, tena vizuri. Walifika fremu ya mwisho, duru ya kuamua, wakiwa sawa, na humo akaongoza. Ilibaki mipira sita ya rangi. Mjomba alihitaji kuiingiza yote mifukoni ili ashinde. Kinyozi alihitaji ule wa kwanza tu, wa njano. Saa ya ukutani ilikuwa nane na nusu.

Hapo mjomba akageuka mtu mwingine. Alipaka chaki. Akazunguka meza, akainama, akainuka, akapaka chaki tena. Akamwomba mwamuzi aufute mpira mweupe. Akaenda chooni. Aliporudi aliugusa wa njano kidogo tu, mweupe ukaenda kujificha nyuma ya wa kahawia. Kinyozi akautoa pale kwa ustadi, ukumbi ukapiga makofi, na mjomba akaanza kuzunguka upya.

Nilimwendea mwamuzi, rafiki wa mjomba wa siku nyingi. "Si kanuni inakuruhusu kumwonya anayepoteza muda?"

"Kuwaza si kosa, docteur," alinijibu bila kunitazama. "Kule université walikukatazaka kuwaza?"

Watu wakacheka. Kutoka nyuma, mmoja mwenye chupa ya bia, aliyekunywa chai na mjomba asubuhi, akapaza sauti: "Ee Goma, maman anakuita! Muambie ajigeuze kidogo!"

Wakacheka zaidi. Mchezo huu husifiwa kuwa wa waungwana. Sijawahi kuelewa uungwana huo hupimwa na nani. Mjomba alitabasamu kidogo, akainama, akainuka.

Kinyozi aliitazama saa, kisha ubao. Angeondoka wakati ule, angevuka. Alisubiri zamu moja zaidi. Ilipofika, alipiga haraka, wa njano ukagonga ukingo wa mfuko na kurudi. Akamwendea mjomba na kumpa mkono.

"Nimeacha, mzee."

"Safari njema," mjomba alisema. "Nisalimie mama."

Mwamuzi akatangaza bingwa. Ushindi ulikuwa tayari wake, lakini mjomba aliirudia meza. Wa njano, kijani, kahawia, buluu, waridi, mweusi: aliiingiza yote bila kusimama, bila chaki, akikitazama kile kiti kitupu cha kinyozi kila alipomaliza pigo. Pikipiki ya kinyozi ilikuwa bado haijatoka kwenye geti la hoteli. Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya mchana kutwa.

Nilichukua pikipiki nami hadi mpakani. Sijui nilitaka kuhakikisha nini. Geti lilikuwa limefungwa, na askari alikuwa amechoka kusema hapana. Kinyozi alikaa ukingoni mwa barabara, fimbo magotini, simu mkononi ikiita kwa sauti ya juu, ikikatika, naye akipiga tena.

"Téléphone iko pembeni ya kichwa yake," aliniambia. "Anaisikia. Mukono ndio haufike."

Ikakatika. Hakupiga mara moja.

"Ile mipira, yule mzee aliiingiza?"

"Yote."

"Polepole?"

"Hapana. Haraka sana."

Alitikisa kichwa, kama mtu aliyeonyeshwa bei ya kitu alichokwisha kununua, akabonyeza namba ya mama yake. Tukakaa tukiisikiliza ikiita.