Ndege Asiye na Kichwa wa Longton

Saa moja asubuhi, katika karakana ya vyombo mjini Longton, mji wa Kiingereza wa viwanda vya kauri, Glenys Colclough anavuta pumzi na kuibana. Mbele yake kuna kikombe cha kahawa, cheupe, hakijatiwa hata ua. Mkononi ana karatasi nyembamba iliyochapwa maua na ndege wa buluu, wino bado mbichi.

Karatasi ni hiyo moja tu. Bamba la shaba lenye michoro hii lina miaka mia mbili. Lilitoa chapa moja safi, likapasuka. Nayo karatasi ikishagusa kikombe, wino hushika papo hapo, haisogezwi tena. Kikombe hiki ni cha kuziba pengo la kimoja kilichokosekana katika seti ya kale ya vikombe kumi na viwili; akikosea, itabaki na kumi na kimoja.

"Trevor, hebu nyamaza," anamwambia mchapaji, Trevor Machin, aliyesimama na chapati yake ya shayiri na jibini.

"Kwani nimesema nini mie?"

"Unatafuna kwa kelele."

Glenys, 63, yumo kazini tangu ana miaka kumi na sita. Kama wenzake wote mjini hapa, hata harusini hupindua sahani kwanza aone imetoka kiwanda gani. Lakini vikombe hivi vya kale vilimtoa jasho. Ukanda wa maua ni mrefu kuliko mzunguko wa kikombe, kwa hiyo lazima ulikatwa mahali. Alitafuta mshono, pale ncha za ukanda zinapokutana, siku mbili, asiuone.

"Siku ya tatu nikachungulia nyuma ya kishikio," anasimulia. "Nikamkuta ndege, kichwa hana. Vikombe vyote kumi na kimoja, kakatwa palepale. Nililia, sikufichi. Mwanamke aliyevibandika maua zamani zile, hakuna aliyeandika jina lake, lakini mkono wake naujua."

Mwenye seti, daktari mstaafu, aliomba ndege wa kikombe kipya awe mzima. Glenys alikataa katakata.

Sasa anamkata ndege kichwa kwa mkasi, anazungushia karatasi, anasugua kwa brashi ngumu yenye sabuni, kisha anazamisha kikombe majini. Karatasi inaelea. Maua yamebaki kikombeni.

Wiki inayofuata kikombe kinatoka tanurini kiking'aa. Glenys anakichanganya na vile kumi na kimoja. Trevor anavigeuza kimoja kimoja, na chai yake inapoa bila yeye kukitambua kipya.

Anatarajia nini sasa? Glenys anacheka.

"Miaka mia mbili ijayo, mwanamke mwingine autafute mshono wangu. Na ahangaike siku mbili."