Siku Mama Alipoosha Kahawa Yangu

Baba yangu alilima kahawa kijijini kwetu Maguu, milimani, tangu kabla sijazaliwa, na mpaka mimi natimiza miaka ishirini na sita alikuwa hajawahi kuionja. Msinicheke. Hata mama hakuwahi, wala majirani, wala mimi nilipokuwa pale nyumbani. Kwetu kahawa ilikuwa kitu cha kuchuma, kumenya, kuosha, kuanika na kupeleka kwenye mizani. Kunywa tulikunywa chai. Ukiwauliza wazee kwani Wazungu wanaifanyia nini kahawa yote hiyo, kila mmoja alikuwa na jibu lake. Baba alikuwa na hakika kwamba wanatengenezea baruti. "Kunywa wanakunywa kidogo tu, ya kutuzuga," alikuwa akisema. "Lakini meli nzima? Meli nzima ya kunywa? Aka!"

Basi huyu baba ndiye aliyenitumia salamu mjini kwamba Jumamosi anang'oa mibuni yote.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Chama cha msingi cha ushirika kilikuwa kinajikongoja, wanunuzi binafsi wanapanda mlima na malori yao, kila mmoja na mizani yake na maneno yake matamu, na mbolea ambayo zamani ililetwa kijijini sasa ilikaa dukani inatutazama. Baba alivumilia msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne akasema imetosha, anapanda mahindi. Tena hakuwa anatishia, maana mama alikuwa ameshapika pombe ya ngokela. Ngokela ni kazi ya pamoja ya Wamatengo: unapika pombe, majirani wanakuja na majembe na mashoka, wanafanya kazi, wanakunywa, na shamba lililokuwa hivi asubuhi jioni liko vingine. Pombe ikishawekwa mtungini, hakuna cha kuahirisha.

Habari hizo zilinifikia Jumatano, nikiwa Mbinga mjini ninakowapikia masista. Nilikasirika mpaka nikaunguza wali. Mibuni ile ndiyo iliyonisomesha. Tena mingine hakuipanda baba, aliipanda babu, na babu mwenyewe amezikwa katikati yake, nyuma ya nyumba. Ningeweza kupanda Maguu nikapige kelele, na kelele ninazijua, lakini nani aliwahi kumpigia kelele baba yangu akabadilika? Mwenyekiti wa kijiji alishindwa. Padri alishindwa.

Nikamkumbuka sista wa Kiitalia.

Huyu alikuwa mkunga, mfupi, mkali kama mimi, na alikuwa na birika dogo la alumini la vipande viwili vinavyofungana kwa kuzungushwa. Maji unaweka chini, kahawa ya unga katikati, ukilibandika motoni linanguruma na kahawa inapanda juu yenyewe. Kila Jumapili baada ya misa alitia aiskrimu kwenye bilauri, akaimwagia juu kahawa hiyo ikiwa ya moto kabisa, akala haraka haraka kabla haijayeyuka. Ndiyo basi, hakuna kingine. Aliniambia kwao inaitwa "iliyozama". Siku aliyonionjesha nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikasema kwa sauti, peke yangu, "Kumbe!" Halafu nikapandwa na hasira. Tangu nikiwa mdogo nilibeba kitu hiki kichwani, shingo ikaniuma, na hakuna aliyeniambia kwamba ni kitamu.

Nikajisemea, baba atakunywa kahawa yake kabla ya Jumamosi. Akishaonja, akitaka ang'oe.

Alhamisi nilitengeneza aiskrimu. Nilichemsha maziwa na sukari, nikachanganya na viini vya mayai kwa moto mdogo, nikaacha yapoe, nikayaweka kwenye friji ya mafuta ya taa, upande wa juu kwenye barafu. Kila yakianza kuganda nilitoa nikavuruga kwa uma, nikarudisha. Shida ni kwamba friji ilikuwa moja, na siku hiyo humo ndani walilala samaki wa ziwani, magege watano waliotoka Mbamba Bay. Nilifunika bakuli kwa sahani nikamwomba Mungu.

Ijumaa asubuhi nikaijaza kwenye chupa ya kutunzia joto, ile ya mdomo mpana ambayo watu hubebea uji wa mgonjwa hospitali, nikaivalisha sweta langu, nikaazima birika la sista, nikapanda lori la mnunuzi wa kahawa. Dereva akaniuliza ninambebea nani mtoto mdogo hivyo. Nikamwambia atazame barabara.

Nilifika saa saba mchana. Baba alikuwa uani ananoa shoka.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja kung'oa?"

"Nimekuja kukupikia kahawa."

Alicheka mpaka shoka likamwanguka. Halafu akaiona chupa. Nikamweleza kwamba humo mna kitu cha baridi, asiifungue, maana kitayeyuka.

"Chupa ya kuweka moto inawekaje baridi?"

"Inaweka vyote baba."

"Yenyewe inajuaje?" akasema, akaifungua kuangalia.

Nikamnyang'anya kwa adabu. Sikuwa na muda. Nilichota bakuli mbili za kahawa kavu kwenye gunia, nikaitwanga polepole kwenye kinu itoke ganda, nikaipepeta, nikaiweka kwenye chungu kikavu motoni, nikaanza kukaanga. Mama alikuwa ameenda mtoni. Kahawa ikawa ya manjano, ikawa ya udongo, ikaanza kupasuka pa! pa! na moshi ukajaa jiko lote, mpaka ikaiva nyeusi, inang'aa, inanukia vizuri ajabu. Nikaimwaga kwenye ungo ipoe, nikatoka mbio kwa jirani kuazima chekecheo.

Sasa lazima niwaeleze kuhusu mama. Mama yangu ni mtu wa ziwani, mzaliwa wa Liuli. Alipoolewa Maguu alikuwa anajua samaki na mihogo, kahawa hajawahi kuigusa, na bibi yangu mzaa baba akamfundisha kwa ukali uliovuka mpaka. Punje nyeusi ni punje iliyokufa: toa! Kahawa safi ni nyeupe: osha! Karani wa mizani akikuta nyeusi kwenye gunia anarudisha gunia zima, na aibu unarudi nayo kichwani mlima mzima. Mama akajifunza mpaka akawapita wazawa. Nyumba yetu haikurudishiwa gunia hata siku moja, na hilo ndilo lilikuwa jina lake kijijini.

Jirani alinichelewesha kwa salamu ndefu, na niliporudi na chekecheo ungo ulikuwa mtupu. Mama alikuwa uani, ameinama kwenye kichanja cha kuanikia, maji yanachuruzika chini. Alikuwa ameikuta kahawa yangu nyeusi. Ameiosha kwa maji matatu, ameisugua kwa mikono, ameianika juani, na sasa alikuwa anachambua punje moja moja akitafuta yenye afadhali.

Aliponiona alinionea huruma kwelikweli.

"Mwanangu, nimejitahidi, lakini imekufa. Yote. Hata moja haikupona. Mjini huko umesahau kazi?"

"Mamaaa!" Nilipiga kelele ambayo nadhani hata kule kijiji cha Mkumbi waliisikia. "Umefanya nini jamani? Ndivyo inavyotakiwa!"

"Inatakiwa iungue?"

"Iungue, ndiyo! Inakaangwa, inakuwa nyeusi, inatwangwa, inapikwa, inanywewa!"

Mama akaiangalia kahawa, akaniangalia mimi. "Kwa hiyo miaka yote hii," akasema taratibu, "mimi naing'arisha hivi mpaka vidole vinachubuka, wao wakifika nayo huko wanaiunguza?"

Nilimwomba radhi kwa kelele, akanikata jicho, akanisaidia kuikusanya ilivyo, ikiwa imelowa.

"Inapungua baridi!" baba akatangaza kutoka barazani. Alikuwa ameifungua tena.

Nikairudisha kahawa motoni ikauke. Ikakauka, ikaungua kidogo zaidi ya mwanzo, lakini wakati huo nani anajali. Nikaitwanga kwenye kinu kile kile cha mahindi, nikachekecha, nikajaza birika la sista, nikalifunga kwa nguvu zangu zote, nikalibandika kwenye mafiga. Baba alikuja mlangoni kuangalia. Mama naye akasogea. Kisha birika likaanza kunguruma, likatoa mvuke kwa kishindo, na baba akaruka nyuma ya mlango.

"Baruti! Niliwaambia mimi! Niliwaambia baruti!"

"Baba, ni kahawa."

"Toka hapo, utaumia!"

Mama alikuwa ameshafika kwenye mibuni.

Nilipolitoa motoni likatulia, wakarudi, kila mmoja akijifanya alitoka kwa shughuli nyingine. Nikafungua chupa. Lo! Aiskrimu yangu ya Kiitalia ilikuwa uji. Lakini katikati palikuwa na bonge lililobaki gumu, nikaligawa kwenye vikombe vitatu vya bati kama dawa, nikaimwagia kahawa juu.

"Inaitwaje hii?" mama akauliza.

"Kwao wanaiita iliyozama."

Mama akarudisha kikombe mezani. "Kwetu Liuli mtu akizama hatumli. Tunamzika."

"Mama, kula tafadhali, inayeyuka!"

Baba ndiye aliyetangulia. Alichota kijiko, akakinusa, akakiweka mdomoni, akafumba macho. Akafumbua jicho moja.

"Kuna samaki humu."

"Magege!" akasema mama, ambaye alikuwa ameshaonja, na uso ukamchanua. "Magege kabisa. Mbona hukusema mapema?" Akamaliza kikombe chake bila kusema neno jingine.

Baba hakucheka. Akachota cha pili, akachota cha tatu, kidogo kidogo, akisukuma aiskrimu pembeni ili apate ile nyeusi peke yake. Akauliza, "Hii ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo baba."

"Hawajaitia dawa yoyote?"

"Nimeitoa kwenye gunia lako, umeniona. Ni kahawa yako, na maziwa, mayai na sukari."

"Na samaki."

"Na samaki kidogo."

Nilitegemea aniambie ni chungu, au aniambie ni tamu, au anifukuze nirudi kwa masista wangu. Aliniangalia na macho yake yalikuwa yamelowa, na mimi sikuwahi kumwona baba hivyo, nikaogopa.

"Baba hakuionja hii," akasema. Alikuwa anamsema babu. "Miche ya kwanza aliibeba kichwani kwa miguu, siku mbili njiani. Amekufa anajua ni ya baruti. Mimi yeye ndiye aliyeniambia."

Akainuka na kikombe chake, akazunguka nyuma ya nyumba. Mimi na mama tukamfuata mpaka kwenye kona tukachungulia. Alisimama kwenye kaburi la babu, katikati ya ile mibuni aliyotaka kuing'oa kesho yake. Akaangalia huku na huku kama katekista hapiti akamkuta anatambika, akavua kofia, akamwaga kile kilichobaki pale kichwani pa kaburi.

"Baba," akasema, "hii ndiyo ile. Ya moto ni ya kwako. Hii ya baridi ni ya mjukuu wako, usishtuke."

Mama akanifinya nisicheke. Sikuwa nacheka hata kidogo. Nilikuwa nalia mpaka kamasi zinanitoka, na yeye mwenyewe alikuwa anajifuta macho kwa khanga.

Jumamosi alfajiri watu wa ngokela wakaja na majembe na mashoka yao, wanaume kwa wanawake, na wengine wameshaulizia mtungi uko wapi. Baba akawapeleka shamba la chini kule bondeni, akawaambia ng'oeni. Waking'oa nilisikia mizizi inakatika na moyo ulinikatika nayo, siwezi kuwadanganya. Ilikuwa miti mingi. Walipomaliza wakapanda kuja nyuma ya nyumba, na baba akasimama mbele yao.

"Hapa msiguse."

"Kwani hii ya hapa ni ya nani?" akauliza jirani, ambaye shoka lake lilikuwa begani tayari.

"Ya bondeni ilikuwa ya mizani," baba akasema. "Hii ni yetu ya kunywa."

Walimcheka siku nzima na pombe yake wakainywa yote. Mzee wa Maguu anakunywa kahawa! Lakini jioni wawili walibaki nyuma, wakazungukazunguka, wakauliza kwa sauti ya chini kama kuna kikombe.

Birika la sista lilikaa Maguu miezi mitatu kabla sijathubutu kulidai, na nilipolidai nililetewa sufuria badala yake. Sista akasema basi, atanunua jingine akienda likizo. Mama alikuwa akiikaanga kahawa mwenyewe, na kabla ya kuikaanga alikuwa bado anaiosha mpaka ing'ae, kisha anaiunguza huku akisonya. Nami nikawa kila nikipata nafasi napanda mlima na ile chupa iliyovaa sweta. Nikichelewa, baba hutuma mtu mjini na salamu zile zile: mwambieni aje na ya baridi, ya moto ninayo.