Maji Yaliyoubana Moyo wa Mume Wangu

Msimu wa kuchoma miwa, Ruhembe nzima hukohoa. Masizi huangukia nguo kwenye kamba, sufuria jikoni na nywele za watoto, na mtu akikohoa hakuna anayegeuka kumtazama. Mume wangu alikuwa mkata miwa, basi niliona ana haki ya kukohoa kutuzidi sisi wengine. Kisha mvua zikaja, uchomaji ukasimama, vifua vyetu vikatulia. Chake hakikutulia. Mwanamke mwenye akili timamu angeshtuka hapo. Mimi nilimchemshia tangawizi.

Jioni homa ilimpanda, asubuhi nikakuta shuka limelowa jasho. Zahanati walimpa dawa za malaria, aliporudi wakampa za taifodi. Miguu ikavimba. Mwishowe akawa hawezi kulala ila ameegemea ukuta, mishipa ya shingo imemtoka, akivuta pumzi utadhani kapanda mlima. Ndipo tukampeleka hospitali, upande wa Kilosa. Tulipobadilisha gari Mikumi alinishika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, na nikaogopa.

Daktari alikuwa binti ambaye ningeweza kumzaa. Picha ya kifua ilionyesha moyo umekaa kama kibuyu. Nikasema moyo wake umekua. Akasema hapana, akampaka mafuta kifuani, akapitisha kile kifaa cha kupimia wajawazito, akanigeuzia kioo. Katikati ya weusi palikuwa na kitu kidogo kinahangaika.

"Huo ndio moyo, mama. Huu weusi wote ni maji. Moyo una mfuko wake, na mfuko umejaa, unaubana. Hauna nafasi ya kupokea damu. Ndiyo maana presha inashuka na miguu inavimba."

"Maji yametoka wapi?"

"Yana sababu nyingi. Figo, kansa, na mengine. Ila kwa kikohozi hiki na homa hizi, nadhani ni TB. Haikai kwenye mapafu peke yake. Dawa atameza miezi sita, lakini haziwezi kuyawahi haya maji. Haya tuyavute kwa sindano, leo."

Akaniletea fomu. Mgonjwa mwenyewe alikuwa hashiki hata kikombe, sembuse kalamu.

Sasa niseme ukweli wangu. Mwaka uliotangulia wifi yangu alitolewa maji ya tumbo, siku ya tatu akafa. Aliyesaini ni mumewe. Msibani hakuna aliyekumbuka kwamba mgonjwa alifika hospitali hoi. Walikumbuka nani aliruhusu atobolewe. Mpaka leo yule bwana akipita, wanawake wa ukoo wanashusha sauti. Na kwetu inajulikana: mwili wa mwanamume ni wa ukoo wake, mke ni mtoto wa watu. Nikairudisha ile fomu. Nikasema tumsubiri shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, aliyekuwa Magole kwenye mpunga wake.

"Mama, wewe ndiye mke," daktari akasema. "Sahihi yako inatosha."

Nikasema shemeji yuko njiani. Kweli alikuwa njiani, ila mvua ilikuwa imeikata barabara, na kila nikipiga simu ananiambia wamekwama. Daktari alirudi mara tatu. Mara ya tatu mume wangu alinena mwenyewe, neno moja kwa kila pumzi.

"Mama watoto. Saini."

Nikamwambia avumilie, kaka yake anakuja. Mtu anazama, mimi namwambia avumilie. Nilijiona mke mwenye adabu. Adabu gani! Niliogopa midomo ya watu, basi, na woga nikauvika jina la heshima.

Kesho yake asubuhi aliacha kuitika. Daktari hakuuliza tena fomu; alimchoma chini ya kifua, maji yakaja, mekundu-mekundu, bomba baada ya bomba. Sikujua mtu anaweza kubeba maji mengi kiasi kile na bado akaniuliza kama nimekula. Walimkandamiza kifua muda mrefu. Kisha wakaacha, na yule binti akatoka nje akasimama akiangalia ukuta.

Shemeji alifika mchana, tope mpaka magotini. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, maana hata hapo salamu haikwepeki. Alilia, akanawa uso, akaketi kwenye benchi, akataka nimweleze tangu mwanzo. Nikamweleza yote: kile kioo, mfuko wa moyo, sindano, fomu. Nilipofika kwenye kumsubiri yeye niliinua kichwa kidogo. Mungu anisamehe, nilitegemea anishukuru.

Hakuwa na hasira, na hasira ningeijulia.

"Sasa shemeji," akasema, "ulikuwa unanisubiri nije nifanye nini? Mimi hata kusoma sijui. Ningekuuliza wewe imeandikwa nini, kisha ningeweka dole gumba."