Ipakwe au Iachwe: Mzee Sifael na Ngoma Kubwa ya Usharika

Kama umewahi kuhudhuria maziko huku juu Old Moshi, basi Sifael unamjua hata kama jina lake hulijui. Ni yule mzee mrefu anayetembea nyuma kabisa ya wapiga tarumbeta, ngoma kubwa imemkaa tumboni, anashuka kijia cha migombani ubavu ubavu asije akateleza akamwangukia mchungaji. Tarumbeta zikivuta, yeye anaweka: dum. Kimya kidogo. Dum. Walio ng'ambo ya korongo wakisikia sauti ile wanajua mwili umeshatoka kanisani, nao wanatua majembe.

Mtu wa namna hiyo ungemdhania ana moyo wa jiwe. Hana. Sifael akifunga zizi anarudi kuangalia kama amelifunga. Akimwaga mbolea kwenye kahawa, usiku halali vizuri, anawaza kama hakuzidisha. Mkewe, Gladness, husema alimpenda kwa sababu ndiye mchumba pekee aliyekuja kuuliza kama jibu la ndiyo alilopewa jana yake bado lipo.

Sasa, Jumatatu moja ya mwezi wa nne, watu walimwona amekaa nyuma ya pikapu ya maziwa inayoshuka mjini, katikati ya makopo, amekumbatia kitu kilichofungwa blanketi la kitandani.

"Mzee Sifa!" akampigia kelele dereva mmoja wa bodaboda. "Unampeleka nani hospitali ya Mawenzi?"

"Ngoma," akasema Sifael.

"Inaumwa nini?"

"Haiumwi. Mgonjwa ni mimi."

Vijana wakacheka. Yeye hakucheka, na sababu ninawaambia.

Usharika ulikuwa unajiandaa kwa jubilei, na askofu angekuja Jumapili ya juma lile lile. Mwenyekiti wa kamati ya bendi ni Godwin, mtoto wa marehemu kaka yake Sifael, kijana mwenye maneno matamu na simu yenye kamera nzuri. Godwin alikuwa ameitazama ile ngoma kwenye video za Pasaka, hakupenda alichokiona. Ule wekundu wake ulikuwa umefifia, hapa mweusi, pale kama kovu la ndui.

"Ba'mdogo," alimwambia kwenye kikao, "kila kitu kitakuwa kipya. Sare mpya, tarumbeta zimesuguliwa. Halafu katikati ya picha, hiyo. Inaonekana kama imetoka kuokolewa motoni."

"Lakini inalia," akasema Sifael.

"Inalia, sijakataa. Ila askofu ana macho pia."

Kamati ikaamua hivi: ama ngoma ikwanguliwe na kupakwa upya mjini, ama iwekwe kwenye kabati la kioo mlangoni mwa kanisa, wageni waione kama kumbukumbu, na bendi inunue ngoma ya dukani. Wakamwachia Sifael achague. Walidhani wamempa heshima. Walimpa homa. Ikipakwa, sauti inaweza kufa. Isipopakwa, inafungiwa kwenye kioo, na yeye anapewa ngoma ya plastiki aanze kuizoea uzeeni.

Ngoma ile ni gogo la mringaringa, mti uleule ambao wazee walichongea mizinga ya nyuki, likachimbwa likabaki ganda, likawambwa ngozi ya ng'ombe huku na huku na kukazwa kwa kamba. Sifael aliipokea kwa Mzee Hosea, mpigaji wa kabla yake, aliyempa mkanda na onyo moja tu: asiikaze kamwe akiwa na hasira. Na ule wekundu, kila mtu alijua, ni rangi ya wamisionari. Ndivyo tulivyoambiana siku zote.

Fundi aliyeelekezwa kwake anaitwa Rogath, Mrombo wa Tarakea mwenye karakana yake Majengo, kule mjini. Anatengeneza vitanda, makabati na majeneza, na anayapaka vanishi mpaka unajiona.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi, nimekuja kukuuliza, sijaja kukupa kazi. Tuelewane."

"Kuuliza ni bure." Rogath akalifungua blanketi, akaizunguka ngoma, akaigonga kwa kifundo cha kidole. "Unataka ing'ae au unataka ilie?"

"Nataka vyote."

"Vyote sikuahidi. Nikupe ukweli wangu. Nipitishe msasa hapa, niweke vanishi, utaiona nzuri kuliko siku ilipozaliwa. Lakini ngozi lazima itoke kwanza. Na ngozi hii," akaivuta kamba kidogo, Sifael akashika kifua kama amevutwa yeye, "matundu yake yamechoka. Ikitoka, sidhani kama inarudi."

"Tukiwamba mpya?"

"Mzee, angalia nje."

Nje mvua ilikuwa imeanza tena. Ngozi mbichi inataka jua, na jua hatukuwa nalo.

Simu ikaita. Godwin. "Ba'mdogo, fundi ameshaanza?"

"Tunaongea."

"Ongeeni huku anafanya kazi! Siku zinakwenda."

Sifael akairudisha simu mfukoni. Akamwomba Rogath ajaribu sehemu ndogo tu, pale chini ambapo mkanda huficha, waone kilichoko ndani. Rogath akachukua wembe wa kukwangulia, akakwaruza. Haukuanguka unga wala ganda la rangi. Kilitoka kitu laini, kama ukoko wa mafuta, kikajikunja juu ya wembe. Rogath akakinusa. Akakinusa tena. Halafu akaanza kucheka polepole, kama mtu anayejaribu kuwa na adabu.

"Mzee, nani alikwambia hii ni rangi?"

"Ni rangi ya wamisionari."

"Labda wamisionari walikuwa wanadeki. Hii ni polishi ya sakafu. Ile nyekundu, ya kwenye kopo. Imepakwa mwaka juu ya mwaka mpaka imekuwa ngozi ya pili." Akaonyesha alipokwangua, mti ulikuwa mtupu, wa kahawia, bila doa la rangi. "Na nikuongeze jambo. Hakuna rangi ya mafuta itakayoshika juu ya hii. Ukipaka leo, Jumapili inamenyeka mbele ya askofu."

Sifael akaketi juu ya kitanda cha watu ambacho hakijakauka vanishi. "Kwa hiyo nimekuwa nikitetea polishi?"

"Umetetea ngoma. Ila sasa sijui. Labda hiyo polishi ndiyo iliyozuia unyevu na bungua wanaotoboa mti, labda hata sauti imo humo. Nikiitoa nikaharibu, mtanilaani Walutheri wote, na mimi Mkatoliki sina wa kunitetea huko. Chagua wewe."

Akarudi na ngoma yake, na alama ya vanishi kwenye suruali, na wasiwasi mara mbili. Jikoni akamkuta Gladness anamenya ndizi za mtori. Akamweleza yote, mpaka harufu.

Gladness akaacha kumenya. "Mae! Kwani wewe ulidhani inang'aa yenyewe kila Krismasi?"

"Nini?"

"Jumamosi ya usafi. Nyie wanaume mnakwenda kuchinja na kupokea wageni wa Dar, sisi wamama wa zamu tunabaki kusugua kanisa. Mtu anamaliza sakafu, kitambaa kina polishi bado, ngoma iko hapo pembeni imepauka. Utamaliza kila kitu king'ae uiache hiyo peke yake? Mama yako alifanya, mama yangu alifanya. Mimi nimefanya tangu umenioa."

"Na hukuniambia!"

"Hukuuliza. Ungeuliza, ungekataza. Ungekataza, ungelala macho."

"Mbona Krismasi iliyopita imefifia?"

"Tulifanyiwa ukarabati, Baba. Sakafu imewekwa vigae. Vigae havitaki polishi, kwa hiyo kopo halikununuliwa."

Sifael akasimama mlangoni. Ndani yake mambo mawili yalikuwa yanapigana. Kukwangua ni kuharibu ganda lililoitunza ngoma miaka yote, na kuihatarisha ngozi. Kuacha ni kuipeleka kwenye kioo. Alitoka akaenda kuangalia zizi. Akarudi. Akatoka tena.

Aliporudi mara ya pili alisema, "Haikwanguliwi."

"Na kabati la kioo?"

"Kopo moja linauzwa wapi?"

Jumamosi Gladness na wenzake watatu wa zamu waliizunguka ile ngoma kwa vitambaa, na Sifael aliyezuiwa kuingia kanisani akawa anachungulia dirishani, akiuliza kama wamegusa ngozi, wakimjibu kwamba wamegusa na wanapanga kuila. Jioni Godwin akaja. Ngoma ilikuwa nyekundu kama tunda la kahawa lililoiva.

"Aisee! Fundi wa Majengo ni noma! Rangi gani hii?"

Hapo Sifael angeweza kunyamaza tu. "Si fundi," akasema. "Ni polishi ya sakafu. Ngoma haikukwanguliwa wala haijapakwa rangi. Ukitaka kuipeleka kwenye kabati, sema sasa hivi, nisikeshe bure."

Godwin akamtazama, akaitazama ngoma, akawatazama wamama waliosimama na vitambaa vyao mkononi kama mashahidi mahakamani. "Itapigwa kesho," akasema. "Lakini isinitie aibu, Ba'mdogo."

Jumapili, jua tulilolitafuta mwezi mzima likatoka lote kwa mkupuo. Maandamano yalianzia barabarani. Sifael, amevaa shati jeupe jipya la sare, alikuwa anawaza sauti tu. Je, polishi mbichi imeinyonya? Je, ilitikisika mno kwenye pikapu? Tarumbeta zikavuta. Akainua mkono, akafumba macho, akaweka.

Dum.

Ilikuwa yenyewe. Upande wa pili wa korongo mbwa akabweka kama kawaida yake.

Ndipo alipohisi joto tumboni. Akainama: polishi ilikuwa imelainika juani, na shati jeupe la jubilei, kutoka kifuani hadi mkandani, lilikuwa limegeuka jekundu. Alisikia wamama wa zamu wakishika vinywa. Kuitua asingeweza, ubeti umeshaanza. Akakaza mwendo, jasho linamtoka, akapiga, na macho yakamtafuta Godwin aliyekuwa anarudi kinyumenyume mbele ya bendi na simu yake mkononi.

Godwin aliliona shati. Midomo ikamcheza. Kisha akaipandisha simu taratibu mpaka picha ikabaki na uso wa baba yake mdogo na ukingo wa juu wa ngoma tu, akaendelea kurudi nyuma hivyo hivyo, bila kuishusha, hadi mlangoni mwa kanisa.