Mbuzi wa Onésime Kwenye Kiwanja cha Besiboli

Siku Onésime alipoingia dukani kwangu Saint-Josse, hapa Brussels, kwa mara ya kwanza, alichukua samaki wa moshi, akauliza bei, akalipa. Hakuomba nipunguze, hakuguna, hata kumgeuza samaki aone tumbo hakumgeuza. Nilimdharau papo hapo. Mimi ni mtu wa Kigoma, nimeuza vitu tangu nina meno ya utoto, na mteja asiyepatana bei kwangu ni wa aina mbili: ama ni tajiri, ama anaona haya kufungua mdomo. Koti lake lilinionyesha kwamba tajiri si yeye.

Aliendelea kuja, na kila Jumapili alikuwa njiani kwenda mpirani. Nilidhani kandanda. Kumbe besiboli, mchezo wa Wamarekani, unaochezwa kwenye kiwanja kimoja nyuma ya reli, ukishaupita mtaa wa Schaerbeek. Nilimuuliza watu wanakula nini huko. Soseji, akasema. Soseji tu? Soseji tu. Hapo ndipo nilipoanza kuupenda urafiki wake.

Jumapili iliyofuata akanipeleka. Sijawahi kukaa mahali pachafu vile kwa hiari yangu. Jukwaa ni la mbao, paa la bati, wazee wa klabu walilijenga kwa mikono yao na wanajisifu nalo hadi leo. Mbao zimeota ukungu wa kijani. Ukikaa suruali inalowa, ukiinuka inanata. Mchezo wenyewe ni wanaume waliotawanyika majanini wakimtazama mwenzao ambaye hataki kurusha mpira. Anajikuna, anatema mate, anavuta kofia, anatema tena. Mwenye rungu naye anatema. Watazamaji, wasije wakapitwa, wanatafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye visigino vya waliokaa mstari wa chini, mpaka maganda yanachanganyika na bia iliyomwagika na kuwa uji. Soseji zilikuwa zinachemka katika maji ya kijivu. Hervé, Mbelgiji mwenye baa, alifuta bilauri kwa kitambaa alichofutia kaunta, na mara moja, mimi namwona, akajifutia nacho shingo.

Katikati ya uchafu huo alikaa Onésime, amevaa tai. Alikaa mstari wa kwanza, ubavuni mwa Dan, rais wa klabu, Mmarekani mzee aliyeoa huku akabaki. Dan akipiga makofi, Onésime anapiga. Dan akiguna, anaguna. Nilimuuliza nani anashinda. Hakujua. Alikuwa katika msimu wake wa pili pale na hakujua.

"Sasa unafuata nini hapa?" nikamuuliza.

Akaelekeza kidevu kwenye nyumba iliyo karibu na geti. Ilikuwa nyumba ya mlinzi wa kiwanja: vyumba viwili, jiko, maji ndani. Mlinzi alikuwa amezeeka, msimu ukiisha anahamia kwa binti yake. Mke wa Onésime, Euphrasie, alikimbia Bukavu na watoto watatu vita vilipoingia mwaka tisini na sita, wakawa Nairobi wakisubiri. Karatasi zilikuwa zimetoka. Tiketi kanisa lilikuwa tayari kusaidia. Kilichokosekana ni mahali pa kuwaweka, kwa sababu Onésime mwenyewe alikuwa analala chumba kimoja na wanaume wengine, na wenye nyumba wakisikia mke na watoto watatu, tena wakiona uso mweusi, nyumba inakuwa imechukuliwa asubuhi hiyohiyo.

Nikamuuliza kama amemwambia Dan kwamba anaitaka. Akanitazama kama nimemtukania mama.

"Mon frère, muntu mukubwa habamuombake kintu hivi-hivi," akasema. "Unakaa karibu yake, anakuona. Siku ingine unamuletea ngombe, njo anakupa shamba. Babu yangu alikaa kwa mwami mupaka akapata kilima muzima. Hakuomba hata siku moya."

Ndiyo desturi ya Bushi, milima iliyo nyuma ya Bukavu. Unashinda barazani kwa mwami, mfalme wao, unatoa ng'ombe, unapewa ardhi, inakuwa yako na ya wanao. Wao wanaiita kalinzi. Na Bushi sina ugomvi. Lakini Dan ni mtu wa Ohio. Nilimweleza hivyo, akanijibu mkubwa ni mkubwa tu, popote. Nikamuuliza basi ng'ombe atamtoa wapi Brussels hii. Akafikiri.

"Bon. Mbuzi atafaa."

Tukapatana. Mimi nitamtafuta mbuzi kwa mchinjaji ninayemjua na kumchoma. Yeye atanipeleka kwa Dan na kusema mimi ni mtu mwema, kwa sababu nilitaka kuweka jiko la mishikaki getini. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akitoa masharti: awe dume, awe mzima, na kichwa chake.

Kwa Dan sikumaliza hata kikombe cha kahawa. Niliomba geti, nikapewa. Onésime alikuwa amesimama hapohapo, anasikiliza jinsi kitu kinavyoombwa, na bado hakujifunza. Jumapili zilizofuata mishikaki ikatoka na soseji za Hervé zikabaki kwenye maji yake. Hervé akaacha kunisalimu.

Mchezo wa mwisho wa msimu, mbuzi akaingia jukwaani kwenye sinia. Onésime alimpokeza Dan kwa mikono miwili, akainama, akamshukuru kwa Kifaransa kizuri kwa kumruhusu kukaa karibu naye. Dan akalengwa na machozi. Kisha watu wa klabu wakamvamia mbuzi. Walimla kwa haradali, wakatema mishipa, wakatupa mifupa chini ya mabenchi, kwenye ule uji. Bibi mmoja akakivisha kichwa cha mbuzi kofia ya klabu ili apige picha. Wote walicheka, na Onésime alicheka nao.

Dan akasimama, akaomba kimya. Akasema klabu haijapata kuwa na mtazamaji kama Onésime, hakosi mchezo, haombi kitu. Kwa hiyo wamechonga jina lake kwenye ubao wa mstari wa kwanza. Ni kiti chake mpaka kufa. Makofi. Halafu, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, akasema nyumba ya geti anaichukua Hervé. Ameiomba wiki iliyopita, na mwingine aliyeiomba hakuwapo.

Onésime alikuja hadi kwenye jiko langu getini, tai imekwenda upande.

"Unisemee," akasema. "Weye unajuaka kuomba."

"Sema mwenyewe. Yule pale."

"Siwezi. Mbuzi amesha kuliwa. Nikiomba sasa, ni kama namwambia arudishe mbuzi yangu."

Ningeweza kumwacha. Lakini nilikuwa nimeona, nyuma ya ile nyumba, banda kavu lenye mlango wa barabarani, na samaki wangu walikuwa wanaoza kwenye chumba cha chini ya duka. Nikamwambia banda litakuwa langu. Akakubali kabla sijamaliza sentensi.

Sikwenda kwa Dan. Aliyekwisha kutoa hapendi kunyang'anya. Nilikwenda kwa Hervé. Nyumba hakuihitaji sana, alikuwa na ya mama yake. Alichohitaji ni mimi niondoke getini. Nikamwambia nitaondoka, jiko ninamwachia, na nitamfundisha kuloweka nyama. Yeye amwambie Dan amebadili mawazo na Onésime ndiye anayefaa. Hervé akakubali, akaongeza kwamba Onésime amuoshee bilauri kila baada ya mchezo. Nikasema ataosha, ila kwa kitambaa atakachokileta mwenyewe. Tukashikana mikono, na mimi nikaenda kunawa.

Euphrasie alifika na watoto mwezi wa kumi na moja. Alizunguka nyumba, akafungua banda, akaziba pua, akaniambia samaki watakaa, lakini katika kila gunia mmoja mkubwa ni wa watoto, tena atamchagua yeye. Nilisema mdogo. Akasema basi nitoe magunia. Nikampa mkubwa. Yule mama ningemwajiri.

Onésime sasa anakata majani, anafunga geti, na Jumapili anakaa kwenye jina lake. Kanisani anawahadithia watu jinsi Dan alivyompa nyumba kwa sababu ya mbuzi. Wanaamini, maana mbuzi walisikia habari zake na nyumba wanaiona. Mmoja amekuja kuagiza wa kumpelekea msimamizi wake wa kazi, mwingine wa mwenye nyumba wake pale Schaerbeek: dume, mzima, na kichwa. Nimewaagizia. Nilipoteza geti, nimepata banda na biashara ya mbuzi, na huko uwanjani sijakanyaga tena ila nikifuata samaki, na hapo napitia mlango wa barabarani.