Injini ya Mkunga

Jina la Grisi alilipata akiwa na miaka minane, siku alipoiba grisi kwenye kopo la baba yake akajipaka usoni akidhani ni mafuta ya urembo. Likamganda. Alipomaliza shule ya msingi, baba alimwambia akae kwanza karakana amsaidie kufungua nati zilizoshika kutu, kwa muda mfupi tu. Muda mfupi huo ukawa miaka kumi na tisa.

Karakana yenyewe ilikuwa banda la mabati kando ya mto: benchi moja, pipa la maji la kujaribia injini za boti, na ukuta uliochorwa umbo la kila spana ili isiyorudi ijulikane. Baba alipopata kiharusi na mkono wake wa kulia ukalegea, Grisi ndiye aliyeshika kazi zote. Baba alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, akisikiliza injini na kukosoa. Kumsifu mtu hakujua. Grisi alishajizoeza kuhesabu kimya chake kuwa ndiyo sifa.

Kisha mdogo wake wa kike akarudi kutoka chuo cha ufundi, na ovaroli iliyopigwa pasi na sanduku la vipimo. Wateja walianza kumwita Injinia kabla hajafungua hata boliti moja. Hilo Grisi angelimeza. Lililomla roho ni kwamba baba, yule bubu wa sifa, alipata ulimi. "Mwacheni Injinia aangalie." "Injinia amesemaje?" Siku moja alimwambia mteja, Grisi akiwa amepiga magoti palepale mikono imejaa oili, "Sasa karakana hii ina fundi." Grisi aliinamisha kichwa, akaendelea kukaza nati ambayo ilikuwa imekwisha kukazwa.

Asubuhi moja mkunga wa zahanati alileta boti yake, ile anayovukia kwenda kuzalisha wanawake wa ng'ambo. Injini ilikuwa kuukuu, ya nguvu za farasi arobaini, imemzidi Injinia umri.

"Inaondoka vizuri," mkunga alisema. "Nikifika katikati inaishiwa nguvu kama mtu aliyeamka na njaa. Nikipunguza mwendo inajirudi, nikiongeza inalegea tena."

Akarudi zahanati. Grisi akaitoa boti mtoni peke yake. Kweli, haikupita dakika kumi mngurumo ukashuka, boti ikajilaza majini. Grisi akanyoosha mkono kwenye mpira wa mafuta unaotoka tangini, akakiminya kile kipira cha katikati kinachosukuma mafuta. Injini ikashtuka na kupata nguvu. Akaacha kuminya, ikalegea. Akaminya, ikapanda. Basi akajua: injini haikuwa na ugonjwa wowote, ilikuwa inanyimwa mafuta njiani. Alirudi akitabasamu peke yake, akipanga namna atakavyomwambia baba kwa maneno machache, kama mtu asiyejali.

Alipofunga kamba alimkuta Injinia amekwisha kutandika kitambaa safi kwenye benchi na kupanga vifaa vyake. Baba alikuwa amesogezewa kiti karibu. Hata hakumtazama Grisi.

"Iletwe hapa," alisema. "Hii ni kazi ya Injinia."

Grisi akaanza kulegeza boliti za injini.

"Dada," Injinia aliuliza, "ilipolegea ulijaribu kuminya kipira?"

Lilikuwa swali lenyewe hasa. Na aliliuliza kwa heshima, na kalamu mkononi tayari kuandika jibu. Pengine hicho ndicho kilichomchoma Grisi zaidi, kuona kwamba mtoto huyu kweli anaijua kazi.

"Nilijaribu," alijibu. "Haikubadilika kitu."

Injinia akaandika. Kwa kuwa aliamini alichoambiwa, aliacha njia ya mafuta akahamia kwenye injini. Alipima mgandamizo, akabadilisha plagi, akafungua kabureta na kusafisha kila kitundu kwa waya mwembamba. Saa tatu nzima. Grisi alijitia hamnazo, akifagia mahali pasipo na uchafu. Injini ilipowashwa ndani ya pipa ilinguruma vizuri mno, maana kwenye pipa haibebi mzigo na hainywi mafuta mengi. Baba akapiga paja lake kwa ule mkono mzima.

"Mmemsikia huyo?" aliwaambia watu waliokuwa wakisubiri. "Mmemsikia?"

Mkunga alirudi mchana, akasema hapokei chombo ambacho hajakiona majini. Wakaingia watatu, yeye mbele, Injinia kwenye usukani, Grisi pembeni mwa tangi. Katikati ya mto injini ikalegea vilevile kama asubuhi. Injinia akajaribu kupunguza na kuongeza mwendo, akafunua kifuniko, asijue pa kugusa.

Grisi alionja utamu. Si kitu cha kujivunia, lakini alionja, na alitamani baba angekuwepo aone. Wakati huo injini ikazima kabisa, mkondo ukaigeuza boti ubavu na kuipeleka kwenye nguzo za daraja lililobomoka.

"Jamani!" mkunga alipiga kelele. "Nguzo hizo!"

Utamu ukageuka nyongo. Grisi alikidaka kipira akakiminya hadi kikawa kigumu. "Washa! Washa, na usipunguze!" Injinia akavuta kamba mara mbili. Injini ikaitika. Waliipita nguzo ya kwanza kwa umbali ambao mtu angeweza kuigusa kwa mkono. Grisi aliminya njia nzima mpaka ufukweni, mkono umekufa ganzi.

"Nilikuuliza," Injinia alisema polepole.

"Uliniuliza."

"Na ulijua."

"Tangu asubuhi."

Mkunga alimkazia macho Grisi. "Humu hubeba wanawake wenye uchungu, wewe. Wanawake wasioweza kuogelea hata hatua moja." Akashuka akaenda zake.

Grisi aliuchana mpira wa mafuta kwa kisu mbele ya baba. Ngozi ya ndani ilikuwa imebanduka. Kila injini ilipovuta kwa nguvu, ngozi hiyo ilijikunja na kuziba njia. Akamweleza baba yote, pamoja na uongo wake. Baba alikaa kimya muda mrefu, na safari hii Grisi hakuweza kukihesabu kimya hicho kuwa sifa.

"Kwa nini?" hatimaye baba aliuliza.

"Hujawahi kuniita fundi, Baba. Hata mara moja."

"Nilidhani unajua," mzee alisema, na sauti yake haikuwa na nguvu.

Injinia alikaa siku tano bila kumsemesha dada yake ila la kazi. Mpira mpya ulifungwa, boti ikavuka na kurudi bila kulegea. Mkunga aliikubali kwa sharti: kila itakapotengenezwa, dada wote wawili wapande naye kuijaribu. Walipanda. Grisi aliendelea kuona wivu kila wateja walipomtafuta mdogo wake kwanza, na hakujidanganya kwamba umekwisha. Ila Injinia alipouliza swali juu ya injini, alijibiwa ukweli, hata siku ambazo jibu lilimtoka Grisi kama jino.