Mbuzi Wangu Si Vigego

Mjukuu wangu anajua meno ya mbuzi kuliko mganga anavyojua uongo, nami hili nalisema mbele ya yeyote. Kasomea mifugo. Mimi shule niliiona mlango tu, lakini jicho ninalo, na niliona mambo yanakwenda mrama zizini kwetu, huku Mkinga.

Mbuzi tuliowazalisha wenyewe waling'oa meno ya utoto, na yale ya ukubwani yakatoka ya kahawia, yana vishimo kama andazi lililoliwa na mende. Wanaruka, wanakula. Lakini Idi ya kuchinja hakuna anunuaye mbuzi bila kumfunua mdomo aone kama ameng'oa, maana asiyeng'oa hafai kuchinjwa. Jirani yetu, mteja wetu wa kila Idi, akamfunua mmoja, akacheka mpaka kofia ikamvuka.

“Shemeji, huyu umemlisha tambuu?”

“Nunua au toka.”

“Sichinji ajuza mimi. Tena wote ni hivi hivi. Vigego hawa. Wamalizeni, muanze upya, kabla balaa haijaingia ndani.”

Kigego ni mtoto anayeota meno ya juu kwanza, wazee walimwogopa. Nikamwambia, “Mbuzi juu mbele hana jino tangu dunia iumbwe. Atakuwaje kigego, we mwanamume?”

Akaenda zake, neno likabaki. Mume wangu akaanza kunoa kisu. Na zizi lile ndilo kula yetu. Nikampigia simu mjukuu: njoo kabla babu yako hajanimalizia mbuzi.

Alipofika, shikamoo, marahaba, moja kwa moja zizini. Akafunua midomo, mmoja mmoja, mpaka kwa jike tuliyemnunua Maramba akiwa mkubwa. Meno meupe.

“Huyu anakula nini, bibi?”

“Wanachokula wenziwe. Majani, pumba na magadi.”

Babu yake huyaponda mawe ya magadi akayatia kwenye pumba, ati wanywe maji wanenepe.

“Basi ndiyo hayo. Magadi yana floridi. Ikizidi huliharibu jino lingali linajengwa ndani ya ufizi. Wa Maramba alikuja meno yameshakomaa. Hawa wamelelewa nayo.”

“Mimi nimekula kisamvu cha magadi tangu utoto,” mume wangu akasema.

“Cheka basi, babu, tuone.”

Akafumba mdomo.

Walioharibika, mjukuu akasema, hawatengenezeki, tutazame watakaozaliwa. Magadi yakatoka, chumvi ikaingia, kisu kikarudi jikoni. Mimi sasa nikawa mwehu. Kuna beberu mdogo aliyezaliwa baada ya hapo. Alipotimiza mwaka nikawa namfunua mdomo kila asubuhi, mpaka akiniona anakimbia. Siku moja nikamkamata shingo, nikaona mawili ya ukubwani yamechomoza, meupe kama nyama ya dafu. Nilipiga kigelegele peke yangu zizini kama niliyeozesha binti. Mume wangu akaja mbio, akayasugua kwa kidole, ati pengine nimeyapaka chokaa. Beberu akamng'ata.

Nikampigia mjukuu, nikalia, nikacheka, salio likaisha.

Idi ilipokaribia jirani akaja, akamfunua beberu mdomo.

“Huyu nafunga kamba, shemeji.”

“Huyo hauzwi.”

“Haa! Si mlikuwa mnalia hamna mnunuzi?”

“Subiri wadogo zake wang'oe. Huyo ni wa kuonyesha watu.”